Jamu nyekundu haiongezi damu



Wiki hii naomba tuzungumze kuhusu chupa ya jamu. Najua wapo watakaosema kuwa pamoja na maradhi yote tuliyonayo Mbulu na Hanang, kuanzia homa ya matumbo na kifua kikuu mpaka brusela ya maziwa mabichi, tabibu huyu ameishiwa mada hata anaandika habari za kitu cha kupaka kwenye mkate. Nawaomba subira kidogo, kwani yaliyonifanya nishike kalamu sikuyaona jikoni, niliyaona chumba cha daktari.

Alikuja mama mmoja mjamzito, mimba ya miezi sita. Amechoka, viganja vyeupe, akitembea kutoka kwenye benchi mpaka mezani kwangu moyo unamdunda. Tulipompima wingi wa damu tukakuta 7.8. Mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu wa damu, na huyu alikuwa mbali sana na 11. Nikamuuliza kuhusu vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Akanijibu kwa upole kabisa, "Daktari, vile vidonge vinanitia kichefuchefu, niliviacha. Lakini sijakaa hivi hivi. Baba watoto ananinunulia jamu, ile nyekundu, nakula na mkate asubuhi na jioni."

Mumewe alikuwa nje amekaa chini ya mti. Nilipomwita akathibitisha, tena kwa fahari ya mume anayemjali mkewe. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, kuku kadhaa, na ekari mbili za mbaazi. Maziwa anauza, mayai anauza, mbaazi anauza, na fedha inayopatikana, baada ya unga na ada, anapitia dukani kuchukua mkate wa silesi na chupa ya jamu kwa ajili ya mgonjwa wake. Hakuna mzembe katika nyumba ile. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kuwa rangi nyekundu ya kwenye chupa haina uhusiano wowote na rangi nyekundu ya damu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza kila mama anayekuja na tatizo la damu anakula nini, na jibu la jamu nimelisikia zaidi ya mara moja, Katesh na hata huku juu Mbulu. Wengine wanampa mtoto mdogo aliyekonda. Wengine wanampa mgonjwa aliyetoka kulazwa, kwa sababu lebo imechorwa matunda mazuri yanayong'aa, na matunda, kama tulivyofundishwa shuleni, ni vitamini. Mkosi wenyewe umeanzia hapo.

Ni nini hasa kilichomo ndani ya chupa?

Jamu ni tunda lililopikwa na sukari nyingi mpaka likaganda. Wazee wa pwani waliiita mraba, neno linalotokana na murabba ya Kiarabu. Lengo la kuipika tangu zamani lilikuwa moja, kulifanya tunda la msimu mmoja lidumu mpaka msimu mwingine. Na kinacholidumisha ni sukari. Sukari ikizidi inayanyonya na kuyashika maji yaliyomo, kijidudu kinakosa maji ya kutumia, nacho kinashindwa kuzaana. Kazi inayofanywa na chumvi kwenye samaki wa ng'onda ndiyo inayofanywa na sukari kwenye jamu.

Kwa hiyo jamu haiwezi kuwa jamu bila sukari kuwa nyingi. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 2009 kinataka jamu iliyokamilika iwe na yabisi iliyoyeyuka kati ya asilimia 60 na 65 au zaidi, na yabisi hiyo kwa sehemu kubwa ni sukari. Tunda lenyewe, kiwango hichohicho kinaruhusu liwe asilimia 35 tu ya viambato kwa aina nyingi za jamu. Mwenye kiwanda hakuibi. Anatengeneza kile ambacho dunia nzima inakiita jamu. Kosa ni letu tunaoiita tunda.

Hebu tufanye hesabu ya nyumbani. Kijiko kimoja kikubwa cha jamu kina uzito wa kama gramu 20, na ndani yake mna sukari gramu 12 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai. Mtoto anayekula silesi mbili, kila moja na kijiko kikubwa, ameshakula vijiko sita vya sukari kabla hajagusa kikombe cha chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Mtoto kiasi chake ni kidogo kuliko hicho. Basi mtoto wako anamaliza fungu la mtu mzima saa moja asubuhi, halafu inakuja chai, pipi, na soda ya mchana.

Na vitamini? Vitamini C, ambayo ndiyo sifa kubwa ya mapera na machungwa, sehemu yake kubwa inapotea kwenye moto mrefu wa kupikia. Madini ya chuma, ambayo ndiyo yanayotengeneza damu, kwenye jamu ni kidogo mno kiasi kwamba mjamzito akimaliza chupa nzima hajapata cha kumsaidia. Ile rangi ni ya stroberi au plamu, na katika bidhaa nyingi imeongezwa rangi ya kiwandani. Soma lebo utaiona.

Yule mama tulimpima malaria na minyoo, maana upungufu wa damu una sababu nyingi na si chakula peke yake, kisha tukamrudisha kwenye vidonge vyake, safari hii avimeze usiku baada ya kula ili kichefuchefu kimpite amelala. Kuhusu chakula nilimwambia mumewe jambo ambalo lilimshangaza. Mbaazi unazouza ndizo dawa. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ilianguka vibaya kwa wakulima wa huku, na wengi walibaki na magunia ndani huku watoto wao wakiendelea kula chai na mkate mkavu. Mbaazi, maharage, dagaa, mboga za majani za kienyeji, na maini au nyama walau kidogo wiki kwa wiki, pamoja na ndimu au chungwa bichi pembeni ili chuma kinyonywe vizuri. Chai ya rangi iwe mbali na chakula hicho, kwa sababu inazuia chuma. Ona basi, mkate, jamu na chai ya rangi kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu ni sahani isiyo na chuma ikiambatana na kinywaji cha kukizuia. Baada ya wiki saba damu yake ilikuwa 10.3, na alijifungua salama, alhamdulillah.

Meno ya kahawia na meno yaliyooza si kitu kimoja

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi watu wa Bonde la Ufa kuliko wengine.

Maji ya sehemu nyingi za ukanda wetu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya Manyara, Arusha na Singida vinavyopita hapo kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yanamtoka na madoa meupe au ya kahawia. Magadi ya kulainishia maharage nayo, hasa yale yanayochotwa maziwani huku kwetu, yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji. Hili linajulikana, na kila mmoja wetu ana ndugu mwenye meno hayo. Mimi mwenyewe ninayo, na picha zangu za chuo natabasamu nimefunga mdomo.

Lakini madoa hayo yametuzoesha vibaya. Mzazi anaona jino la mtoto limebadilika rangi, anasema, "Ni maji tu, wote tuko hivi." Kumbe lile ni jino linalooza, na linaloliozesha ni sukari. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi inatoboa jino. Na jamu ni mbaya zaidi ya sukari iliyoyeyuka kwenye chai, kwa sababu inanata. Inaingia katikati ya magego pamoja na mkate laini na kukaa hapo mpaka mchana.

Nitofautishie hivi, ndugu msomaji. Doa la floraidi halina shimo mwanzoni, mara nyingi liko kwenye meno mengi kwa pamoja, pande zote mbili, na haliumi. Jino lililooza lina shimo au weusi mahali pamoja, linauma kwa cha moto, cha baridi au kitamu, na mtoto anatafunia upande mmoja. Ukiwa na shaka mlete, wala usimsubirishe.

Nilipokea kijana wa miaka tisa ambaye alisubirishwa. Alikuja shavu limevimba mpaka chini ya taya, hawezi kufungua kinywa, homa 39, mate yanamtoka. Gego la chini lilikuwa limeoza tangu msimu wa mavuno uliopita. Uvimbe wa namna hiyo ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, na mtoto akafa kwa jino. Tulimwanzishia dawa ya mshipa na kumpa rufaa usiku uleule, barabara ikiwa ya matope, na nakiri kuwa safari ile niliisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Alipona. Mama yake aliniambia mtoto hapendi pipi kabisa. Ni kweli hakuwa anapenda pipi. Alikuwa anapenda mkate na jamu, kila siku, na usiku kabla ya kulala akidai kimoja zaidi ndio anyamaze.

Sikuweza kumlaumu, maana na mimi yalinikuta. Binti yangu alipoanza kuhifadhi Juzuu Amma nilimwekea zawadi, kila sura anayoimaliza silesi moja yenye jamu nene. Alihifadhi vizuri, tena upesi. Alipofika sura ya ishirini na kitu akaanza kulia usiku na jino. Tabibu mzima, nyumbani kwangu! Mke wangu mpaka leo ananikumbusha nikimpigia kelele mtu kuhusu sukari.

Mswaki Mtume (s.a.w.) alitusisitizia sana, na kwa hili Waislamu hatuna udhuru. Usiku kabla ya kulala ndiyo muhimu zaidi, na baada ya hapo hakuna silesi. Wapo pia walioacha dawa ya meno kwa watoto kwa hofu ya floraidi. Mtoto mdogo mwekee kiasi cha punje ya mbaazi na umfundishe kutema. Kinacholeta madoa ni kile kinachomezwa.

Je, jamu ni halali?

Swali hili naulizwa msikitini zaidi ya yote, hasa Ramadhani inapokaribia. Watu wamesikia kuwa inagandishwa kwa mafuta ya nguruwe. Jamu inagandishwa na pektini, ambayo inatoka kwenye matunda yenyewe, kwa mfano maganda ya machungwa na matufaha. Kwenye lebo inaandikwa pektini au E440. Kinachotia shaka ni jelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, nayo hutumika zaidi kwenye jeli ya kutikisika, peremende laini na baadhi ya mapambo ya keki. Akina mama wanaopika keki za harusi waiangalie hiyo kwanza kabla ya jamu. Kingine ni rangi nyekundu iitwayo karmini, E120, inayotokana na wadudu. Hukumu yake wanazuoni wameizungumza na mimi nawaachia masheikh, kazi yangu ni kuwaambia ilipo. Alama ya TBS inakusaidia kujua kuwa bidhaa imekaguliwa ubora na usalama, maana tangu mwaka 2019 kazi ya chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS. Kuhusu uhalali utasoma mwenyewe kilichoandikwa.

Chupa ikishafunguliwa

Nyumba nyingi nilizokaribishwa, chupa ya jamu inakaa juu ya kabati, kifuniko kimelegea, na kisu ndani yake. Kisu hicho kimepita kwenye Blue Band, kwenye mkate, na wakati mwingine kwenye ulimi wa mtoto. Kila chembe ya mkate na kila tone la maji au mate linapunguza makali ya sukari mahali lilipoangukia, na ukungu unaota papo hapo. Hali ya hewa ya Mbulu inatudanganya. Baridi ya Juni na Julai tunaiona kama friji ya bure, kumbe ukungu unaota vizuri tu kwenye ubaridi wenye unyevunyevu.

Ukiota, kawaida yetu ni kuchota ule wa kijani juu na kuendelea na wa chini. Naomba tuache. Ukungu unaoonekana juu ni kama majani ya mti, mizizi yake imeshashuka. Baadhi ya aina za ukungu wa matunda zinatoa sumu ambayo haionekani wala haina ladha. Mwaka 2016 jirani zetu wa Kondoa na Chemba, na ndugu zetu wa Kiteto humu humu Manyara, walipatwa na msiba wa sumukuvu ya mahindi, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Sisemi kuwa jamu yenye ukungu italeta msiba kama ule, kwani sumukuvu ile ni ya nafaka na karanga na jamu ina habari yake nyingine. Ila ule mkono unaopeta mahindi yaliyovunda ukasema "yatafaa tu" ndio huohuo unaochota ukungu kwenye jamu. Chupa ikiota ukungu, yote itupwe.

Njia nyepesi ni kuchota kiasi cha siku hiyo kwa kijiko kikavu na kuweka kwenye kibakuli, chupa ikafungwa na kurudi mahali pake. Kwenye futari ya pamoja msikitini, ambako mikono ni mingi, hili ni la lazima. Kufunika vyombo ni mafundisho tuliyoyapata madrasa kabla hatujajua kuwa kuna kitu kinaitwa bakteria, na mende wa usiku hasubiri ukumbuke.

Basi tupake nini?

Sijasema jamu iharamishwe. Nasema irudi mahali pake, na mahali pake ni keki ya Idd, vileja vya wageni, na silesi moja ya Jumapili. Kila siku tupake kingine. Wilaya ya Hanang inalima ngano tangu mashamba makubwa ya Basotu yalipofunguliwa, hatuna sababu ya kula mkate mweupe laini peke yake wakati tunaweza kukanda wa unga usiokobolewa. Juu yake paka parachichi lililopondwa na chumvi kidogo na ndimu. Paka siagi ya karanga uliyosaga mwenyewe, karanga ukizichambua na kutupa zilizosinyaa na zenye ukungu. Weka yai la kuchemsha. Weka mbaazi nzito za jana, kama wenzetu wa pwani wanavyozila na mahamri. Maziwa yachemshwe na kugandishwa, yakikatika maji ni laini kuliko jibini ya dukani. Yasiuzwe yote, ibaki lita moja ya nyumbani.

Asali ya kwetu ina heshima yake na Surat An-Nahl tunaijua sote, lakini nayo ni tamu ya kunata, meno hayatofautishi. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, iwe mbichi au ya kuchemsha, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvishinda. Mwenye kisukari asidanganywe na mtu kuwa asali au jamu ya nyumbani haimhusu. Tena wakati wa futari, tumbo tupu la kutwa nzima likipokea mkate wa jamu na juisi, sukari inapanda kwa kasi. Aanze na tende moja na maji, aswali, kisha ale chakula cha kawaida.

Kwa akina mama wapishi nina mambo ya jikoni. Keki ya mkaa ya tabaka mbili haihitaji nusu chupa. Ipashe jamu vijiko vitatu na kijiko cha maji, italainika na kuenea keki nzima kwa utando mwembamba, na ladha itakuwa ileile. Subiri keki ipoe kwanza. Kwenye unga, ndizi mbivu iliyopondwa inakuruhusu kupunguza sukari robo au zaidi. Mandazi ya kujaza jamu yajazwe baada ya kukaangwa, kwa sababu jamu ya moto inashika joto kuliko maji na inanata kwenye ngozi. Nimeshatibu mtoto aliyeungua kaakaa kwa andazi lililoonekana limepoa nje.

Na kama kikundi chenu kinataka kupika jamu ya kuuza, mapera yanafaa sana, yana pektini ya kutosha. Unga wa ubuyu unaotoka Yaeda Chini nao una pektini na uchachu, kijiko kimoja au viwili vinasaidia kugandisha. Msifuate vitabu vinavyosema ipikwe mpaka nyuzi joto 105. Huku juu maji yanachemka kabla ya 100, Mbulu ni kama 94, kwa hiyo jamu inakuwa tayari kwenye 98 au 99, ukisubiri 105 unapata gundi. Tone moja kwenye sahani ya baridi, ulisukume kwa kidole, likikunjamana ipua. Mkipunguza sukari, jueni kuwa mmepunguza na uhifadhi wake. Hiyo ni ya kula siku chache, isiende sokoni. SIDO wanafundisha usindikaji, waulizeni kabla ya kununua chupa.

Chupa zenyewe zinanileta kwenye la mwisho. Chupa za jamu ni nzuri, zina mdomo mpana na kifuniko cha kukaza, na hakuna anayezitupa. Kuwekea chumvi au iliki hakuna neno. Lakini nimeziona zikiwekewa mafuta ya taa, na katika nyumba za wafugaji nimeona zimewekewa dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyonunuliwa kwa kipimo, na lebo ya matunda bado iko palepale. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anajua tu kuwa chupa hii ndiyo ile tamu. Sumu ikae kwenye chombo chake, juu, mahali panapofungwa. Na chupa ya dawa ya mifugo isirudi kamwe kuwa ya chakula hata ikioshwa mara saba. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mlete mara moja, uje na chupa yenyewe.

Wassalaam.